Taya la Kibogoyo: Kipimo Kitangulie Kisu

Mzee anapoketi barazani Kasulu au Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mara nyingine hutambulikana kwa mbali kwa umbo la uso wake: mashavu yamezama, midomo imeingia ndani, na kidevu kimesogea mbele hata hukaribia kuelekeana na ncha ya pua. Watoto humwiga kwa siri. Watu wazima husema kwamba ndiyo dalili ya umri. Yeye mwenyewe huzungumza mkono ukiwa mdomoni, hupunguza kwenda harusini, na katika mlo hubaki na ugali wa muhogo na mchuzi, huku mahindi ya kuchoma, nyama na mgebuka mkavu vikipita mbele yake kwenda kwa wenye meno.

Hali hiyo si ya kuchekesha, wala si amri ya uzee isiyopingika. Ni jambo lenye sababu zinazojulikana na tiba zinazojulikana. Hata hivyo, fikra mbili potofu zimeenea kuihusu. Ya kwanza ni ile isemayo kwamba hakuna la kufanya, mzee na avumilie. Ya pili, iliyokua pamoja na sifa za hospitali kubwa, ni ile isemayo kwamba kidevu kilichotokeza hakina dawa ila kupasuliwa taya na mabingwa wa mjini. Fikra zote mbili humdhulumu mgonjwa. Ya kwanza humnyima haki yake ya kula na kusema vizuri; ya pili humwuzisha ng'ombe wake kwa safari ambayo huenda hakuihitaji.

Kwa nini kidevu husogea

Mfupa wa taya una sehemu mbili kwa kazi. Iko sehemu ya msingi, ambayo hudumu maisha yote, na iko kingo iliyoota juu yake kwa ajili ya kushika mizizi ya meno. Kingo hiyo huishi kwa sababu ya meno. Jino linapong'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi, nao huanza kuyeyuka na kunyonywa na mwili. Upungufu huo huwa wa kasi katika miezi ya kwanza na mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole kwa miaka mingi. Mtaalamu Antje Tallgren aliwafuatilia watu waliovaa meno ya bandia kwa muda wa miaka 25, na katika taarifa aliyoitoa mwaka 1972 alionyesha kwamba kingo ya taya la chini ilipungua kwa wastani karibu mara nne kuliko ile ya taya la juu.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, mataya hayapungui kwa mwelekeo mmoja. Taya la juu hunyauka kuelekea juu na ndani, hata duara lake huwa dogo. Taya la chini hupungua kwenda chini, na kwa kuwa msingi wake ni mpana kuliko kingo, duara lake huonekana kupanuka. Hivyo taya dogo la juu hujikuta likitazamana na taya pana la chini. Pili, meno ndiyo nguzo zinazozuia taya la chini lisipande kupita kiasi. Nguzo zikiondoka, taya huzunguka kwenye bawaba zake karibu na masikio, na kidevu hupanda juu na kwenda mbele kabla ufizi haujakutana na ufizi. Msomaji mwenye meno aweza kuutambua mwendo huo akifumbua kinywa kiasi, kisha akakifumba polepole huku ameweka kidole kidevuni.

Kwa hiyo vibogoyo wengi wanaoonekana kuwa na taya refu la chini hawana taya refu hata kidogo. Taya lao ni lile lile la ujanani. Lililobadilika ni kimo cha uso na ukubwa wa kingo. Huo ndio msingi wa hoja yote inayofuata.

Videvu vinavyofanana, maradhi yasiyofanana

Mganga wa zahanati anayemwona mtu asiye na meno, mwenye kidevu kilichotokeza, hapana budi ajiulize ni kundi gani kati ya manne analoliona.

Kundi la kwanza, lililo kubwa, ni la hao waliokwisha kuelezwa: taya ni la kawaida, lakini nguzo zimekwisha. Dawa yao ni meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa kimo sahihi.

Kundi la pili ni la wale waliozaliwa na asili ya taya la chini kukua kuliko la juu. Hao, hata walipokuwa na meno yote, meno yao ya chini yalitangulia ya juu. Kung'oka kwa meno kumezidisha tu tofauti iliyokuwapo. Ni katika kundi hili ndimo wanamopatikana wanaostahili upasuaji, ingawa si wote.

Kundi la tatu ni la taya lililoteguka. Kibogoyo aweza kupiga miayo, au kufumbua sana wakati wa kung'olewa jino la mwisho, na taya likatoka katika kiungo chake. Kidevu hutokeza ghafla, kinywa hakifumbiki, na mate humtiririka. Kwa kuwa hakuna meno ya kuonyesha kwamba mataya hayalingani, jamaa hudhani ni uzee au kiharusi. Taya la namna hiyo likirudishwa mapema kwa mikono ya mganga aliyefundishwa, kazi huwa ya dakika chache. Likiachwa kwa majuma mengi, huenda likahitaji kupasuliwa. Hapa kuchelewa ndiko kunakozaa kisu.

Kundi la nne ni la wenye ugonjwa mwingine. Uvimbe wa taya waweza kusukuma mfupa nje, hasa upande mmoja. Tena iko tezi ndogo chini ya ubongo ambayo, ikiota uvimbe na kutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, humfanya mtu mzima aote taya upya. Viatu humbana na pete haitoki kidoleni. Mgonjwa wa aina hiyo akitengenezewa meno, au hata akipasuliwa taya, bila tezi kutibiwa, kazi yote itakuwa bure.

Kuyatenganisha makundi haya hakudai mitambo mikubwa. Swali la kwanza ni lini kidevu kilianza kusogea. La pili huulizwa ndugu: je, ujanani meno yake ya chini yalikaa mbele ya yale ya juu, na je, yuko mwingine katika ukoo mwenye umbo hilo? Picha ya zamani ya harusi au ya kitambulisho yaweza kusema zaidi ya maneno mengi. Kisha hufuata kipimo chenyewe: mganga huweka kuta za nta juu ya fizi, hurudisha uso kwenye kimo chake, na hutazama tena kidevu kiko wapi. Mara nyingi kidevu kilichodhaniwa kuwa kibaya hurudi mahali pake mbele ya macho ya mgonjwa na jamaa zake, bila tone la damu. Kwa wale ambao shaka yabaki, picha ya eksirei ya kichwa kutoka ubavuni hukata shauri.

Kisu na mipaka yake

Haifai kuubeza upasuaji. Historia yake ni ya heshima. Mwaka 1849 Simon Hullihen, wa Wheeling huko Marekani, alimpasua taya la chini mwanamke kijana aliyeharibika uso kwa moto, akalirudisha nyuma. Karne moja baadaye, mwaka 1957, Richard Trauner na Hugo Obwegeser waliwatangazia wasomaji wa Kiingereza mbinu ambayo imekuwa nguzo ya kazi hii: kila upande wa nyuma wa taya hupasuliwa kwa ubapa, kama ubao unavyopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, hata vipande viwili viweze kuteleza kimoja juu ya kingine na bado vigusane kwa eneo pana ili viunge vizuri. Yote hufanywa kwa kupitia ndani ya kinywa, bila kovu usoni. Kijana mwenye taya refu la asili aweza kupata uso mpya na mlo mpya kwa mbinu hiyo.

Lakini taya la kibogoyo si taya la kijana. Meno humsaidia mpasuaji kwa njia mbili: humwonyesha mahali pa kulipeleka taya, na humpa vigingi vya kufungia waya wakati mfupa unapounga. Kibogoyo hana dira wala vigingi. Tatizo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1860 Thomas Gunning wa New York alitengeneza vibao vya mpira mgumu vya kushikilia mataya yaliyovunjika; mwaka 1865 alimtibu kwa njia hiyo William Seward, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Vibao vya asili hiyo, vikifungwa kwa waya kuzunguka mfupa, vilitumiwa kwa zaidi ya karne moja na bado vinajulikana kwa jina lake. Sahani na skrubu za chuma zimepunguza haja ya kufunga kinywa kwa majuma, ila hazikuondoa haja ya dira.

Tena mfupa wenyewe umebadilika. Kadiri umri unavyoendelea, mshipa wa damu unaopita ndani ya taya la chini hudhoofika, na mfupa hutegemea zaidi damu ya utando unaoufunika. Mpasuaji akiuchubua utando huo kwa eneo kubwa, huhatarisha kuunga kwa mfupa. Taya lililokonda hadi kimo cha milimita 10 au chini yake laweza kuvunjika vibaya katika mpasuo. Mshipa wa fahamu unaoleta hisia mdomoni na kidevuni hupita mahali pale pale pa kazi, na baadhi ya wagonjwa hubaki na ganzi ya mdomo wa chini. Mwishowe upo usingizi wa nusukaputi, ambao kwa mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifua kibovu si jambo dogo.

Hapo ndipo inapojitokeza hoja isiyoweza kukwepwa. Upasuaji wa taya la kibogoyo hauwezi kupangwa vema bila meno ya bandia au vibao vilivyotengenezwa mapema kuonyesha mahali taya litakapokwenda. Wala hauwezi kukamilika bila meno mapya ya bandia baada ya mfupa kuunga. Fundi sanifu wa meno hutangulia kisu, na fundi sanifu wa meno hufuata kisu. Mzee aliyepasuliwa na kurudishwa kijijini bila meno amehamishiwa taya lake kutoka mahali pamoja hadi pengine, na bado hawezi kutafuna.

Njia ndefu kutoka nyanda za juu

Kasulu iko karibu kilomita 100 kutoka mjini Kigoma, na Kibondo zaidi ya kilomita 200. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Mgonjwa anayetumwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, hasafiri peke yake. Huenda na mtoto au mjukuu wa kumtunza, ambaye kwa siku hizo huacha shamba la maharage au mizinga yake ya nyuki. Nauli, chakula na malazi huzidi mara nyingi gharama ya tiba yenyewe. Na upasuaji wa taya haumalizwi kwa safari moja: kuna safari ya kupimwa, safari ya kupasuliwa, na safari za kuangaliwa.

Kwa sababu hiyo, kosa la kumwita mgonjwa wa kundi la kwanza kuwa wa kundi la pili si kosa la kitabibu tu. Ni kosa linaloufilisi ukoo. Na kosa la kinyume chake, la kumtengenezea meno mgonjwa wa kundi la pili tena na tena, nayo yakawa yanaanguka kila anapofumbua kinywa, humfanya aamini kwamba sayansi ni ya wengine. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kipimo kifanyike karibu na mgonjwa, na kisu kibaki mbali mpaka kipimo kimeita.

Inayopasa kujengwa kwanza katika nyanda hizi, basi, ni karakana ya meno ya bandia ya kuzihudumia wilaya zote mbili, pamoja na zile za Kakonko na Buhigwe zilizozaliwa kutokana nazo. Mahitaji yake ni ya kiasi: chumba chenye maji, plasta, nta, akriliki, vyombo vya kuchemshia na kusugulia, na juu ya vyote fundi sanifu mmoja hodari pamoja na daktari wa meno anayejua kupima kimo cha uso. Zamani miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, lakini kazi kubwa ya fundi huyo ni ya mikono na jiko, si ya mitambo mizito. Wilaya zilizoweza kupokea makumi ya maelfu ya wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta ilipofunguliwa tena 2015, haziwezi kushindwa na chumba kimoja cha plasta na nta.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba meno ya bandia ni anasa mahali ambapo malaria na uzazi bado huchukua maisha. Jibu ni kwamba mzee asiyetafuna huacha vyakula vyenye kujenga mwili, naye mzee aliyedhoofika huja hospitali kwa jina la maradhi mengine. Tena jamii ya Waha, kama jamii nyingine za nchi hii, huwategemea wazee kwa shauri, usuluhishi na mafunzo ya watoto. Mzee anayeficha kinywa chake ameondolewa barazani akiwa hai.

Wengine watasema kinyume: kwamba kuanza na meno ya bandia ni kuwapa watu wa mikoani tiba ya daraja la pili, huku wa mjini wakipata kisu na hata meno yanayopandwa mfupani kwa titani, ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliyaanzisha kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Hoja hiyo ina uzito, wala haistahili kupuuzwa. Lakini duniani kote mwelekeo umekuwa ni kupunguza upasuaji mkubwa kwa vibogoyo, si kuuongeza. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba vigingi viwili vya titani vya kushikia meno ya bandia ya chini viwe ndivyo chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Nayo njia hiyo pia huanza na meno ya bandia yaliyopimwa sawasawa. Karakana ya wilaya, kwa hiyo, ni msingi wa nyumba ile ile, wala si kibanda cha maskini.

Na wale wachache ambao kweli taya lao ni refu, na fizi zao zimepishana hata meno ya bandia hayawezi kutulia, wasiambiwe wavumilie kwa sababu ni wazee au kwa sababu wanatoka mbali. Hao wapelekwe kwa mabingwa wakiwa na vipimo, sanamu za plasta za mataya yao na maelezo kamili, ili safari tatu ziwe moja au mbili. Hiyo ndiyo rufaa yenye maana.

Usipoziba ufa

Liko jambo moja la mwisho, nalo ndilo kubwa. Taya haliwi la kibogoyo kwa siku moja. Huwa hivyo jino kwa jino, kwa kila gego lililong'olewa kwa kuwa kung'oa kulikuwa ndiyo tiba pekee iliyokuwa karibu. Sukari imeongezeka vijijini. Tumbaku, ambayo hulimwa pia Kibondo na Kasulu, hudhoofisha fizi za wavutaji. Lakini nchi hii haina sababu ya kukosa njia. Katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za chuo cha meno cha Dar es Salaam vijijini, ilianza mbinu ya kusafisha jino lililooza kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kuchimba, kisha kuliziba kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo, nayo imeenea mabara mengi. Ni aibu ya namna yake iwapo jambo lililozaliwa Tanzania kwa ajili ya zahanati zisizo na umeme litafahamika zaidi ng'ambo kuliko katika zahanati za Muhambwe na Heru.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino linalozibwa leo katika zahanati ya kijiji ni taya ambalo halitahitaji kupimwa, kushikiwa vibao wala kupasuliwa miaka 40 ijayo. Kwa vijana, kuziba. Kwa wazee waliokwisha kupoteza meno, kipimo na meno ya bandia yaliyo karibu. Kwa wachache walioumbwa na taya refu, kisu cha bingwa kwa wakati wake. Utaratibu huo ukigeuzwa kichwa chini, gharama huwa kubwa na faida huwa ndogo. Ukifuatwa, mzee wa Kasulu au wa Kibondo atauondoa mkono mdomoni, ataomba kipande chake cha mgebuka, na barazani atasikika tena.